Nipe jibu kabla sijapanda boda

Wasee, kabla nianze kuongea, fanyeni hii kitu. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, vidole gumba viangalie juu, viwe karibu kugusana. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia, kazia kidole gumba cha mkono wa kushoto na usikiache hata kidogo. Sasa sogeza kile cha kulia polepole kuelekea kulia. Ukifika umbali wa chini kidogo ya shubiri moja, ncha ya hicho kidole itapotea. Kidole kiko, unajua kiko, ni chako, lakini hukioni. Songa mbele kidogo tena, kinarudi.

Hujarogwa. Nyuma ya jicho kuna ukuta mwembamba unaopokea mwanga, unaitwa retina. Nyaya zote za huo ukuta zinakusanyika mahali pamoja ndio zitoke kwenda kwa ubongo, na hapo zinapotokea hakuna hata chembe moja ya kupokea mwanga. Kwa hivyo kila jicho liko na shimo ambalo ubongo wako umekuwa ukilifunika tangu uzaliwe bila kukuambia. Madaktari wana jina lao refu la hapo mahali. Mimi nitapaita kisahani, kwa sababu ukiona picha yake ndivyo kanavyokaa, kisahani kidogo cha rangi ya siagi.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifuatilia jinsi kompyuta zinavyofundishwa kutafuta hicho kisahani kwenye picha. Najua inasikika kama mada ya profesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikifanya kozi ya kompyuta, karo ikashinda nyumba nzima, nikarudi Kebirigo na laptop ya betri mbovu na simu ya kurekodi video. Wanaonifuata wananijua kwa vichekesho vya boda na majani chai. Lakini hii ya macho imenikaa, na sababu ni mtu wa nyumbani kwetu. Nitafika huko.

Picha ya retina kwanza. Ni duara, rangi ya machungwa ikielekea nyekundu, kama mwezi ukichomoza siku ya vumbi. Upande mmoja kuna kisahani, kinang'aa. Kutoka hapo mishipa ya damu inatawanyika, mikubwa inapinda juu na chini kama mabano mawili, midogo inaendelea kugawanyika hadi huwezi kuifuata tena. Katikati ya yale mabano kuna doa lenye giza kidogo, halina mshipa hata mmoja mkubwa. Hapo ni makula. Hapo ndipo unaposomea hii posti. Sehemu nyingine yote ya retina inakusaidia usigonge mlango, lakini kusoma, kutambua sura ya mtu, kuingiza uzi kwa sindano, hiyo ni kazi ya hako kadoa peke yake.

Nikasema acha nijaribu mwenyewe. Picha zinapatikana bure. Kuna mkusanyiko mmoja maarufu wa Uholanzi unaitwa DRIVE, wa mwaka 2004, picha 40 tu kutoka kwa watu waliopimwa macho kwa sababu ya kisukari, na kwa kila picha kuna mtu aliyekaa akachora mishipa kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, ndio kompyuta iwe na kitu cha kuigia. Hiyo kazi ya kuchora mnaijua. Vijana wangapi wa Nairobi wamelipwa kuzungushia magari na watu masanduku kwenye picha za kampuni za nje? Ni ile ile, ila hapa unazungushia mshipa mwembamba kuliko unywele.

Njia rahisi ya kupata kisahani ni kuambia programu: tafuta sehemu inayong'aa zaidi, weka duara. Kwa picha za watu wazima wa afya, hiyo inatosha mara nyingi. Halafu nikachukua picha za India, mkusanyiko unaoitwa IDRiD, picha 516 zilizopigwa kliniki moja ya macho huko Nanded. Hao wengi wao ni wagonjwa kabisa. Mtu akiwa na kisukari kwa muda mrefu, mishipa ya nyuma ya jicho huvuja, na mafuta ya kwenye damu yanabaki pale kama matone ya nta, manjano, yanang'aa. Programu ikaona nta, ikafurahi, ikaweka duara hapo. Kwa hiyo njia, kadiri jicho linavyougua ndivyo mashine inavyozidi kupotea. Yaani inafanya kazi vizuri kwa yule asiyeihitaji.

Watafiti waligonga huo ukuta miaka mingi iliyopita, na moja ya majibu yao naipenda sana. Walisema: achana na mwangaza, fuata barabara. Fikiria umeshushwa kwenye kilima chochote cha Nyamira bila simu. Soko liko wapi? Shika kanjia kokote kanakoshuka, kataingia kwa njia kubwa, ile itaingia kwa kubwa zaidi, na zote mwishowe zitakutupa sokoni. Mishipa nayo iko hivyo. Mafuta yanaweza kung'aa vile yanataka, lakini hakuna barabara zinazokutana kwenye mafuta. Mwaka 2003 Wamarekani wawili, Hoover na Goldbaum, walichapisha njia ya kupata kisahani kwa kutafuta hasa mahali mishipa inapokutana.

Na ukishajua kisahani, makula haikufichi tena. Iko umbali wa kama visahani viwili na nusu, kuelekea upande wa sikio, chini kidogo. Hata jicho lenyewe unalijua: picha ikiwa na kisahani upande wa kulia, hilo ni jicho la kulia, kwa sababu kisahani hukaa upande wa pua. Yaani kabla hujasema neno moja kuhusu ugonjwa, tayari una ramani.

Siku hizi hakuna anayeandika hizo sheria kwa mkono. Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walitoa mtindo unaoitwa U-Net, ambao unaupa picha pamoja na michoro ya watu, nao unajifunza wenyewe kupaka rangi kila pikseli: huu mshipa, hiki kisahani, huu ukuta mtupu. Unaweza kuuendesha bure kwenye kompyuta za Google kwa intaneti ikiwa bando yako inakubali. Yangu ilikubali usiku, baada ya saa sita.

Sasa swali la maana, ambalo hata rafiki yangu mmoja wa boda aliniuliza nikimwonyesha: na mashine ikishajua kisahani kiko wapi, inamsaidia nani?

Jibu ni kwamba kwa jicho, mahali ndio kesi yenyewe. Chukua tone moja la mafuta. Likiwa pembeni kabisa mwa picha, daktari ataandika na kukuambia chunga sukari, rudi mwaka ujao. Tone lile lile, saizi ile ile, likiwa ndani ya upana wa kisahani kimoja kutoka katikati ya makula, wewe ni wa kupelekwa kwa mtaalamu, kwa sababu hapo pana uwezekano kwamba sehemu ya kusomea imeanza kuvimba. Mashine inayojua kuona mafuta lakini haijui yako wapi ni kama jirani anayepiga nduru "moto! moto!" bila kusema ni kwa nani.

Na kuna glakoma, ile watu huita presha ya macho. Ndani ya kisahani kuna kishimo, na madaktari wanakiita kikombe, kweli kabisa, kikombe ndani ya kisahani. Nyaya zikifa, kikombe kinapanuka. Kwa hivyo mashine inapima: kikombe kimechukua sehemu gani ya kisahani? Hapa ndipo mtu mweusi anafaa kuketi vizuri asikilize. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana visahani vikubwa kuliko Wazungu, na kisahani kikubwa huja na kikombe kikubwa hata kama jicho ni zima. Wakati huo huo sisi ndio tunapata glakoma zaidi yao. Kwa hivyo mashine iliyofundishwa na macho ya Uholanzi peke yake inaweza kumtisha mtu mzima wa afya, na sisi hatuna nafasi ya kupoteza siku ya mtu kwa safari ya bure. Nyuma ya jicho letu pia kuna rangi nyeusi zaidi, picha yenyewe inatoka na giza zaidi.

Hiyo ndiyo video nilikuwa nimepanga: AI imefundishwa kwa macho ya wengine, itatukosa. Ingepata watazamaji. Lakini ukisoma, mambo hayako sawasawa na hasira. Mwaka 2019 walichapisha utafiti wa Zambia, ukanda wa migodi wa Copperbelt, watu 1,574 wenye kisukari. Mashine ilikuwa imefundishwa kwa picha za Singapore. Kati ya waliokuwa na ugonjwa wa kupelekwa hospitali, iliwapata zaidi ya 9 kati ya 10. Macho ya Waasia yakaisaidia kusoma macho ya Wazambia. Bado nataka macho yetu yawe ndani ya hizo picha za kufundishia, hasa kwa glakoma. Lakini mtu akiniambia tusubiri hadi siku tutakuwa na mashine yetu ya Kigusii, nitamwambia ana mtu wake nyumbani anayeona vizuri.

Mimi nina magokoro.

Magokoro ni nyanya yangu, mamake baba. Ana sukari tangu nikiwa shule ya msingi. Anachuna chai yake mwenyewe, ana shamba la ndizi, na ndiye aliyenilea miaka ambayo wazazi walikuwa Nairobi wakitafuta. Kuna siku watu wa macho walikuja kituo kimoja cha afya hapa karibu, siku moja tu, na kamera. Tukaenda. Wakamweka kidevu kwenye kile kiti cha plastiki, mwanga ukawaka mara mbili kila jicho, akalalamika kwamba wamempiga radi. Nilichungulia kwa skrini. Hata bila kujua chochote wakati huo niliona ule mwezi mwekundu, na matone ya manjano. Nikauliza yule aliyekuwa anapiga picha: ni mbaya? Akasema kwa upole tu kwamba yeye kazi yake ni kupiga, picha zinatumwa zisomwe, majibu yakija tutapigiwa simu.

Akaandika namba. Tukapanda boda tukarudi.

Hatukupigiwa. Simu ya magokoro ni ile ya vitufe, inachajiwa kwa jirani, labda walipiga ikiwa imezima, labda karatasi ilipotea, labda picha hazikutumwa. Hadi leo sijui na sitaki kubuni. Ninachojua ni kwamba kisukari cha macho hakiumi. Hakuwashi, hakutoi machozi, unaona vizuri kabisa huku kuta zinavuja. Kwa hivyo magokoro aliendelea na chai yake. Kama miezi minane baadaye alianza kufukuza nzi ambao hawako. Nzi weusi, upande wa kushoto. Halafu asubuhi moja akaamka akasema kuna mtu amemwekea pazia jeusi kwa lile jicho.

Damu ilikuwa imemwagika ndani. Kisii mjini wakamfanyia leza ya jicho la kulia, ambalo lilikuwa linaelekea huko huko. Leza hairudishi kilichoenda, inazuia kilichobaki kisiende. La kushoto sasa linajua tu kama ni mchana au usiku.

Basi kila nikisoma kuhusu hizi mashine, kuna swali moja ninalobeba, na haliko kwenye asilimia za usahihi ambazo watafiti wanapenda kushindania. Ningeuliza hivi: yule mama alijua lini? Akiwa bado kwenye kile kiti, au baada ya wiki tatu kupitia simu ambayo imezima?

Na kumbe kuna mtu alishaliuliza hilo swali na kulipima vizuri, jirani zetu Rwanda. Aliyeongoza ni daktari wa macho Mkenya anayefanya kazi Kigali, Wanjiku Mathenge, na utafiti wao ulichapishwa 2022. Walichukua watu wenye kisukari ambao picha zao zilionyesha wanahitaji kwenda hospitali ya macho. Nusu waliambiwa na mashine papo hapo, wakiwa bado kliniki, na ushauri juu. Nusu walisubiri picha zisomwe na watu, majibu yakafika siku chache baadaye. Halafu wakahesabu: nani alienda kweli hospitalini? Kati ya waliosubiri, asilimia 39.6. Kati ya walioambiwa hapo hapo, asilimia 51.5.

Soma tena hizo namba polepole, ziko na habari mbili. Ya kwanza, kumwambia mtu papo hapo kunamsukuma. Leza ni ile ile, hospitali ni ile ile, umaskini ni ule ule. Kilichobadilika ni saa ya kuambiwa. Ya pili inauma: hata walioambiwa hapo hapo, karibu nusu hawakwenda. Hakuna mashine ya kumlipia mtu nauli. Ndio maana nikiona mtu kwa mtandao anasema AI itamaliza upofu Afrika, naendelea tu kusonga mbele.

Tena kuna hadithi ya Thailand ambayo ningependa kila gavana anayependa kukata utepe aisome. Google walikuwa na mashine hatari sana. Mwaka 2016 waliitoa ikiwa imefundishwa na picha zaidi ya 128,000, inasoma kisukari cha macho sawa na madaktari. Wakaipeleka kliniki 11 za Thailand. Huko wauguzi walikuwa wakipiga picha kwenye vyumba visivyo na giza la kutosha, na mashine, kwa sababu ilikuwa imefundishwa na picha safi, ikawa inakataa. Ripoti yao ya 2020 inasema asilimia 21 ya picha zilikataliwa. Na intaneti ikiwa slo, kila picha inakaa dakika nzima na zaidi kupanda, foleni inasimama. Mtu ambaye picha yake imekataliwa anaambiwa nenda kwa daktari mji mwingine. Hebu lete hiyo Kebirigo siku ambayo stima imepotea. Kwa hivyo mimi nataka mashine inayofanya kazi ndani ya kamera yenyewe au ndani ya simu, bila kuomba ruhusa kwa mtandao. Kutafuta kisahani na makula si kazi nzito tena. Na mashine ikishindwa kuziona hizo mbili, inafaa imwambie muuguzi pale pale: picha haijatoka vizuri, piga tena, mgonjwa bado ameketi.

Na tusijifanye kwamba hivi ni vitu vya mbali. Kenya tulianza mapema sana. Nakuru, kati ya 2007 na 2008, walipima macho ya maelfu ya watu wa miaka 50 na zaidi, na Mathenge huyo huyo alikuwa ndani. Kwa wenye kisukari, daktari akiangalia moja kwa moja kwa kifaa chake alipata madhara kwa zaidi kidogo ya mtu mmoja kati ya watano. Picha za watu hao hao ziliposomwa, ikawa zaidi ya mmoja kati ya watatu. Picha haichoki na haina haraka ya kwenda lanchi. Halafu Andrew Bastawrous akarudi huko huko Nakuru kufuatilia wale watu, akachoka kubeba vyombo vizito kwenye barabara mbovu, na kutoka hapo ikazaliwa Peek, kifaa cha kubandika kwenye kamera ya simu ili ione kisahani. Mwaka 2016 walichapisha matokeo: mtu ambaye hajawahi kusomea macho, akifundishwa kutumia hiyo simu, alileta picha za kisahani zinazokaribiana na za mpigaji mwenye uzoefu.

Mtu ambaye hajasomea macho. Hapo nilisimamisha kusoma nikacheka peke yangu. Maana hiyo ni mimi na nusu ya darasa langu la fomu foo.

Sasa, kuna kikwazo ambacho sikukitarajia, na kilikuja kutoka kwa wazee wenyewe. Nilipoanza kuongea na majirani wa magokoro kuhusu kupigwa picha za macho, mzee mmoja alinikatiza: "Nyinyi ni wale wa kununua macho?" Alikuwa anaongelea Worldcoin. Mnakumbuka 2023, vijana wamepanga laini pale KICC, unaangalia kwa mpira wa chuma, unapewa sarafu za mtandaoni za kama elfu saba. Serikali ikasimamisha Agosti ya mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za Wakenya zifutwe. Nilimweleza mzee kwamba ile ilikuwa inapiga mboni, ule mviringo wa rangi wa mbele, na hii yetu inapita katikati hadi ukuta wa nyuma. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mwizi alipitia dirisha na si mlango.

Na yuko na pointi. Mpangilio wa mishipa nyuma ya jicho lako ni wako peke yako, kama alama ya kidole. Mwaka 2018 watu wa Google walionyesha kwamba kompyuta ikiangalia picha ya retina pekee inaweza kusema kama mwenye jicho ni mwanamume au mwanamke na kukadiria umri wake kwa karibu sana. Jinsia! Daktari wa macho wa miaka 30 kazini hawezi kuliona hilo kwenye hiyo picha. Kwa hivyo picha ya magokoro ina habari ambazo hata aliyeipiga hajui ziko. Sheria tunayo, ya kulinda data, ya 2019. Lakini siku ile ya kamera hakuna aliyemwambia magokoro picha inaenda wapi, inakaa kwa nani, miaka mingapi. Angeambiwa angekubali, namjua. Ila angeuliza maswali kwanza, na angeuliza kwa sauti.

Mimi nikamweleza hiyo mashine inavyofanya, jioni moja tukichambua mboga. Jinsi inavyofuata mishipa hadi sokoni, jinsi inavyohesabu visahani viwili na nusu. Akauliza, "Inajua Kigusii?" Nikasema hapana, magokoro, inajua tu mahali vitu viko. Akafikiria. "Basi mtu awe hapo kando yake," akasema, "wa kuniambia kwa mdomo."

Huyo mtu tayari yuko. Ni muuguzi wa kliniki ya sukari, yule ambaye kila mwezi anamdunga kidole magokoro na kumgombeza kuhusu chai yenye sukari mbili. Watu wenye kisukari wanafaa kupigwa picha za macho kila mwaka, na karibu wote wanapita mkononi mwake. Mpeni kamera. Mpeni mashine inayojua kisahani na makula na kumwambia huyu aende, huyu asubiri. Mpeni na namba ya simu ya hospitali yenye leza, na siku ambayo wanajua atatuma watu, ndio mtu akifika huko asiambiwe arudi Jumatatu.

Kaunti huwa inaita wananchi watoe maoni kabla ya bajeti. Mara nyingi huwa ni wazee na watu wa barabara na maji, na vijana wawili waliokuja kwa soda. Safari hii naenda. Nimeandika maswali yangu kwa karatasi moja, kwa Kiswahili, na hakuna swali la kama AI ni nzuri ama mbaya. Nauliza kliniki ngapi za sukari Nyamira zina kamera ya macho, nani anasoma picha, na mgonjwa anajua baada ya muda gani. Nikipata majibu nitayaweka hapa vile yalivyo.

Magokoro amesema tunaenda wote. Ameshachagua hata pa kuketi: safu ya mbele, upande wa kushoto wa ukumbi, ndio jicho la kulia limwone vizuri yule atakayekuwa anajibu.